Deni la msingi: Uliza hili kabla hujasaini mkopo

Deni la msingi ni kiasi halisi ulichokopa, kabla ya riba na ada.

Chukua mkopo wa Sh1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Riba ikipigwa kwenye kiasi cha mwanzo hadi mwisho, utalipa riba ya Sh288,000. Ikipigwa kwenye deni lililobaki, huku ukipunguza Sh100,000 kila mwezi, riba ni Sh156,000. Tofauti ni Sh132,000, na asilimia ni ileile.

Ukichelewesha rejesho, mara nyingi pesa yako hukatwa kwanza faini na riba. Unalipa, lakini deni lenyewe liko palepale.

Kwa hiyo usiishie kuuliza asilimia ngapi. Uliza pia: inapigwa kwenye deni lipi?