Albamu ya Virunga haikufanyiwa Goma

Wandugu, huku kwetu Goma jina Virunga liko kila pahali. Soko ni Virunga, kartie ni Virunga, hifadhi ya wanyama ni Virunga, na milima inayotutazama asubuhi ni Virunga. Basi siku nilisikia katika taksi wimbo wa zamani wa Orchestre Virunga, sikuuliza mengi. Nikajiambia: hawa ni wa hapa.

Jioni nikamwambia baba. Akacheka sana.

"Hapana, mtoto. Ile muziki ilifanyiwa Nairobi. Na mwenye kuimba iko mtu wa Matadi."

Matadi! Ni kule magharibi kabisa, karibu na Atlantiki. Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia hii historia, na leo naileta hapa juu naona inatuhusu sisi wenye diplome mkononi.

Samba Mapangala alizaliwa Matadi, akaanza kuimba katika bendi za Kinshasa. Mwaka 1975 akageuza macho mashariki, akafika Kampala, na pamoja na wenzake wakaunda Les Kinois. Lakini Uganda ya Idi Amin haikuwa nchi ya kukaa na kujenga. Mwaka 1977 wakavuka mpaka wakaingia Kenya. Les Kinois ilipovunjika, Mapangala akaunda bendi mpya mwaka 1981, akaipa jina la volkano zetu.

Kwa nini Nairobi? Mtu anaweza kusema ni pesa tu. Pesa ilikuwepo, ndiyo, lakini kulikuwa na jambo lingine: vyombo vya kazi. Nairobi ilikuwa na studio, kiwanda cha kuchapa sahani, makampuni makubwa ya muziki, redio inayosikika mbali, na baa zinazolipa bendi kila wiki. Ndiyo maana Wakongo walikuwa wamejaa kule mbele yake: Super Mazembe tangu 1974, Baba Gaston 1975, halafu Les Mangelepa waliojitenga naye 1976. Kutoka hapa kwetu kufika Nairobi barabara ipo. Kinshasa ni mji mkuu wetu, lakini mpaka leo ukitaka kwenda kule unapanda ndege.

Albamu ya kwanza ya Virunga ilitoka 1982. Ndani yake kuna nyimbo kama "Malako", "Virunga" na "Ahmed Sabit". Zamani kwenye sahani ndogo, wimbo wa rumba ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, unageuza, upande wa pili sebene. Kwa sahani kubwa wimbo unapumua. Sauti inaanza polepole, besi inatembea chini yake bila kuchoka, saksafoni zinajibu, halafu gitaa linafungua mlango na kila mtu anasimama. Na lugha? Lingala pamoja na Kiswahili. Mapangala alielewa kwamba mteja wake wa Nairobi anataka ladha ya Kongo, lakini anataka pia kuelewa anachoambiwa.

Maisha ya kule hayakuwa sherehe tu. Mwaka huohuo wa 1982, mwezi wa nane, Kenya ilipata jaribio la mapinduzi. Halafu kulikuwa na shida ya vibali vya kazi: Mkongo alipendwa jukwaani, ila ofisini alibaki mgeni. Bendi nyingi zilisimama kwa sababu ya hiyo karatasi, na Virunga nayo ilionja hilo. Pia kanda za wizi ziliuzwa wazi, na mwenye wimbo hakupata kitu. Katika miaka ya 90 Mapangala akahamia Marekani.

Sasa nije kwa kinachoniuma. Baba alikuwa na kanda ya hiyo albamu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipolipuka, lava ilipita katikati ya mji, nyumba yetu ikaungua na kila kitu ndani. Volkano ya Virunga ilikula kanda ya Virunga. Lakini mimi leo naisikiliza kwenye simu. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 1990 kampuni ya Earthworks ya Uingereza iliitoa tena kwa jina la "Virunga Volcano". Kuna mtu aliitunza.

Baba hunitajia pia bendi zilizopiga hapa Goma, kwenye baa na kwenye harusi, wakati yeye ni kijana. Namwomba anisikilizishe hata wimbo mmoja. Anaimba mwenyewe kidogo, halafu anasahau maneno, ananyamaza. Hakuna sahani, hakuna kanda.

Kwa hiyo mwenzetu akienda Kampala ao Nairobi kutafuta kazi, tusimseme vibaya. Mapangala alipita njia hiyohiyo, na jina la milima yetu likafika mbali kuliko milima yenyewe. Lakini sisi tunaobaki tuko na deni. Kuanzia 2014 tuliona Amani Festival ikijaza watu hapa mjini, na simu zetu zinarekodi vizuri kuliko mashine nyingi za zamani. Wikendi hii kaa na mzee mmoja wa kwenu, umwombe akuimbie alichocheza ujanani, na urekodi.

Halafu uandike hapa chini: alikuimbia nini?