Walioziona Chembe za Kinga

Mwaka 1894, William Halsted wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alipowatangazia matabibu wenziwe kwamba saratani ya matiti haina budi kung'olewa pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, mwili wa mgonjwa ulidhaniwa kuwa mahali tu pa maradhi, usio na neno katika hatima yake. Wala haikuwapitia wengi akilini kwamba tezi zile zile zilizokuwa zikitupwa ndiyo makao ya kinga.

Lakini wataalamu wa hadubini, ambao kazi yao ni kuukata uvimbe vipande vyembamba mithili ya ganda la kitunguu na kuvitia rangi, walikuwa wakiona jambo jingine. Mwaka 1949, Oliver Moore na Frank Foote wa New York waliandika mintarafu ya saratani ya matiti iitwayo medula, ambayo seli zake zilikuwa na sura ya ukali mkubwa, lakini wanawake walioipata waliishi muda mrefu kuliko ilivyotazamiwa. Na ndani ya uvimbe wao zilijazana limfositi, yaani chembe nyeupe za damu ziulindao mwili. Ajabu hiyo ilistahili kuutikisa utabibu mzima, nami nasikitika kwamba kwa miaka mingi haikutiliwa maanani ipasavyo.

Ithibati ilikuja kwa njia ya jeni. Mwaka 2000, Charles Perou na wenziwe wa Stanford na Norway walipima vipande 65 kutoka kwa watu 42, wakitazama kwa pamoja katika jeni 8,102 zipi zimeamka na zipi zimelala, na miongoni mwa mafungu waliyoyakuta yalikuwamo ya limfositi zilizoingia ndani ya uvimbe. Mwaka 2007, Andrew Teschendorff na wenziwe wa Cambridge wakabainisha kuwa katika saratani zisizo na vipokezi vya estrojeni, ambazo aghalabu ni kali, wagonjwa ambao jeni zao za kinga zilikuwa macho walikuwa na matumaini zaidi. Na Julai 2021 Marekani iliidhinisha pembrolizumab, dawa iziondoleayo limfositi kizuizi chao, itumike pamoja na kemotherapi kwa saratani ya matiti isiyo na vipokezi vya estrojeni wala vya aina nyingine mbili zipimwazo, ingali katika hatua za mwanzo.

Hata hivyo, kuzikadiria limfositi ndani ya uvimbe hakuhitaji mitambo ya jeni: hadubini ya kawaida na rangi mbili zilizozoeleka zatosha, mradi awepo mjuzi mwenye wasaa wa kutazama. Wenye kusimamia hospitali zetu nawaomba wamsomeshe na kumwajiri mjuzi huyo kwanza, mashine zifuate baadaye.