Hesabu ya Bibi

Mama yangu ni mtoto wa hesabu iliyokosewa. Naandika hivi kwa ruhusa yake, na mwenyewe hucheka akisikia.

Bibi aliishi Mtaa wa Swahili, Kariakoo. Alikuwa Mzaramo. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akapewa mwana hiti: kile kisanamu cha mti kisicho na mikono wala miguu, ambacho mwali hukitunza kama mwanawe. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyeishi na Wazaramo, ameandika habari za mila hizi katika kitabu chake cha 1970.

Kungwi wake alimfundisha pia kuhesabu. Damu ikishakatika tu, alimwambia, tumbo liko wazi, mimba hushika. Katikati ya mwezi limefunga. Bibi alipofikisha watoto watano akaona basi, imetosha. Akaifuata hesabu ile barabara. Mwaka 1958 akazaliwa mama.

Nilikuwa nikiisimulia hadithi hii kama kichekesho cha watu wa zamani, mpaka nilipoanza kusoma historia yenyewe. Kumbe na madaktari wa Ulaya wa karne ya 19 walihesabu vilevile! Karl Ernst von Baer aliligundua yai la mnyama anyonyeshaye mwaka 1827, kwa mbwa. Na mbwa jike hutokwa na damu anapokaribia kutaka dume. Wengi wakadhani damu ya mwanamke nayo ina maana hiyohiyo. Basi asiyetaka mimba akashauriwa angoje katikati ya mwezi. Yaani siku zenyewe za hatari.

Waliorekebisha kosa hilo ni Kyusaku Ogino wa Japani, mwaka 1924, na Hermann Knaus wa Austria miaka michache baadaye, kila mtu kivyake. Walionyesha kwamba yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Si baada ya iliyopita. Ndiyo maana mwenye mzunguko wa siku 35 hawezi kuhesabu kama mwenye 28. Yai likitoka huishi kama siku moja tu, lakini mbegu za mwanamume zaweza kulingoja hata siku tano.

Kwa hiyo Bibi alipokosea, hesabu sahihi ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 30, ila mtaani kwake haikuwa imefika. Chama cha uzazi cha mji huu, ambacho leo tunakiita UMATI, kilianza mwaka 1959. Mama alikuwa anatambaa.

Kungwi hakuwa mjinga, jamani. Alikosea kosa la madaktari wakubwa. Tofauti ni kwamba wao waliandika, wakapingana, wakasahihishana. Somo lake yeye lilikuwa siri, na siri haina wa kuisahihisha.

Lakini mimi niliyesomea ubaoni nilijua kuchora mirija ya falopio, na damu iliponianza nikiwa darasani sikujua nimwambie nani. Bibi alikuwa na wa kumwambia.

Kabla hajafariki nilimwandikia hesabu ya Ogino nyuma ya bahasha. Akasikiliza mpaka mwisho, akamtazama mama aliyekuwa akichambua mchele.

"Ningeijua hiyo, huyu ningempata wapi?"

Kisha akanigeukia: "Na binti yako, ushamwambia?"

Binti alikuwa na miaka 11. Sikuwa nimemwambia kitu.