Fimbo moja bado haijaonekana

Niko fildi, Misigiri. Nikiona malori ya kwenda Rwanda na Kongo yanavyopita hapa, nakumbuka kisa cha Kinshasa.

Kinu chao cha nyuklia, cha kwanza Afrika, kiliwashwa 1959. Miaka ya 1970 zikaibwa fimbo mbili za fueli ya urani. Moja polisi wa Italia waliikamata kwa mafia mwaka 1998. Ya pili mpaka leo kimya!

Daftari peke yake halilindi kitu, lazima upime. Shida ilikuwa kipimo. Fuwele ya jerimaniamu inasoma vizuri mno, ila inataka kupoozwa kwa naitrojeni kimiminika, nyuzi -196. Misigiri utaipata wapi, jamani, wakati umeme ukikatika hata soda baridi hupati? Miaka ya 1990 wakaguzi wa IAEA wakaanza kubeba vipimo vya fuwele ya kadimiamu, zinki na teluriamu. Hivi havitaki ubaridi, vinashikwa mkononi, na vinaitambua urani-235 kwa miale yake ya gama ya keV 186.

Tanzania tulisaini Itifaki ya Ziada ya ukaguzi 2004, ikaanza kazi 2005. Na urani ipo hata Manyoni, mkoa wetu huu huu.