Tabia: ni vazi au ni muhuri?

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie neno moja tu la Kiingereza ambalo kila aliyepita darasani analijua: 'habit'. Kamusi itakuambia ni tabia, ni mazoea, ni jambo ambalo mtu analirudia mpaka analifanya bila kufikiri. Sawa kabisa. Lakini mbona neno hilo hilo ni jina la vazi la masista na watawa? Na wale mnaosoma riwaya za zamani za Waingereza, mbona ni jina la nguo za akina mama wapanda farasi? Kanzu ya sista na kuvuta sigara vimekutania wapi?

Vimekutania Roma. Kilatini kina kitenzi 'habere', yaani kuwa na kitu, kukishika. Humo likazaliwa 'habitus': namna mtu alivyo, hali yake, jinsi anavyojiweka. Na kwa kuwa kitu cha kwanza unachokiona kwa mtu ni alichovaa, neno likabeba na maana ya mavazi. Hata Wagiriki walikuwa na neno la namna hiyo. Aristotle, katika karne ya 4 KK, alitumia 'hexis', nalo limetokana na kitenzi chao cha kuwa na kitu. Kwake yeye wema si wa kuzaliwa nao. Mtu huwa jasiri kwa kutenda ya kijasiri, kama mwashi anavyokuwa mwashi kwa kujenga nyumba. Wanazuoni waliomsoma kwa Kilatini, akiwemo Thomas Aquinas katika karne ya 13, wakaiita hiyo 'hexis' kwa jina la 'habitus'.

Kwa Waingereza neno liliingia kupitia Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066. Liliingia likiwa limevaa kanzu. Moja ya maandishi ya mwanzo yenye neno hilo ni Ancrene Wisse, kitabu cha mwanzoni mwa karne ya 13 kilichowaongoza wanawake waliojifungia vyumbani maisha yao yote kwa ajili ya sala. Na kitabu chenyewe kinawaonya kwamba dini haimo katika upana wa kofia wala weusi wa joho. Yaani tangu siku za mwanzo swali lilikuwa mezani: je, alichovaa mtu ndicho alicho?

Polepole neno likatoka kwenye nguo likaingia mwilini. Ukitaka kuliona likiwa njiani, tazama tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare, ya karibu mwaka 1600. Hamlet anamsihi mama yake ajizuie usiku mmoja tu, kwa maana usiku wa pili utakuwa mwepesi zaidi. Mazoea, anamwambia, ni zimwi, lakini zimwi hilo hilo humpa mtu vazi jema la kuvaa. Nguo na tabia, neno moja, maana mbili.

Karne ya 19 ndiyo iliyolitia neno giza. Mwaka 1868, miaka mitatu tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Horace Day alitoa New York kitabu kilichoitwa The Opium Habit, yaani tabia ya afyuni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi. Neno la kanzu ya mtawa sasa likawa neno la mtu aliyenaswa. Baadaye Waingereza wakaona halitoshi, wakashika zaidi 'addict', na hili ndilo zito kuliko yote: Roma, 'addictus' alikuwa mdeni aliyeshindwa kulipa, hakimu akamkabidhi mkononi mwa anayemdai.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tunasema tabia, na neno letu halikutoka dukani kwa mshona nguo. Limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kugonga chapa, kupiga muhuri. Mzizi huo huo ndio uliozaa matbaa, yaani kiwanda cha uchapaji. Kwa hiyo Mwingereza akisema 'habit', chini kabisa ya neno lake kuna kitu kilichovaliwa. Sisi tukisema tabia, chini yake kuna kitu kilichochapwa. Nguo huvuliwa. Chapa je?

Msinielewe vibaya, Kiswahili hakina neno moja tu. Tuna mazoea, neno letu wenyewe la kibantu, linalotukumbusha kwamba jambo lilianza likiwa geni. Tuna kawaida, ambayo kwa Kiarabu ni kanuni au misingi. Na tuna ada. Kwa Kiarabu ni jambo linalorudi na kurudi, nasi bado tunasema "kama ilivyo ada", lakini mzazi akisikia ada mwezi wa Januari anashika mfuko. Nalo linarudi, tena kila muhula!

Kwa nini nawachosha na haya yote? Kwa sababu ya vijana wetu wa unga. Mtaani tunawaita mateja. Nyumbani tunasema "ni tabia yake, mwacheni". Ukishasema hivyo umeshapiga muhuri, kesi imefungwa, na ndugu wanagawana kilichobaki chumbani mwake. Lakini mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini, na huduma hiyo ikaenea mikoa mingine. Inafanyaje kazi? Mtu anakwenda kliniki, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kesho anarudi, na keshokutwa. Yaani tiba yenyewe ni mazoea! Zimwi linatolewa kwa zimwi mwenzake mwenye adabu, na hilo ndilo Hamlet alilokuwa akimweleza mama yake.

Siku hizi wataalamu wetu wanasema uraibu, na nalipenda neno hilo. Asili yake ni tambuu, ule mchanganyiko wa majani, popoo na chokaa ambao wazee wa pwani walitafuna barazani. Halimtukani mtu. Linataja alichotia kinywani, halitaji alivyoumbwa.

William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba ikifika miaka 30 mtu ameshaganda kama plasta. Wapo tunaowajua waliokwenda kliniki wakiwa na miaka 40 na sasa wana kazi na familia. Wakati mwingine muhuri tunaoudhani uko kwenye ngozi ya mtu uko mdomoni mwetu sisi.

Basi siku ukitaka kusema "ni tabia yake", jiulize kwanza: unasema kwa maana ya chapa, au kwa maana ya nguo? Kama ni nguo, nani atamsaidia kufungua vifungo?