Barua ya Kambona, Juni 1967

Mapema Juni 1967 Rais Julius Nyerere wa Tanzania alilipanga upya baraza lake la mawaziri. Oscar Kambona, waziri wa tawala za mikoa na katibu mkuu wa chama tawala cha TANU, alipewa wizara ya serikali za mitaa na maendeleo vijijini. Siku chache baadaye alijiuzulu uwaziri, na ukatibu mkuu wa chama akauacha pia. Sababu aliyoitoa ilikuwa afya. Wananchi waliokuwa wamewazoea wawili hao bega kwa bega tangu siku za mwanzo za TANU hawakuweza kuridhika na sababu hiyo.

Walijuana tangu Tabora. Kambona, mtoto wa kasisi wa Kianglikana kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa, alisoma Liuli, kisha Dodoma, kisha shule ya serikali ya wavulana ya Tabora. Mji huohuo Nyerere alikuwa akifundisha shule ya St. Mary's. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, Kambona alikuwa mwalimu Dodoma. Akaacha chaki, akawa katibu mkuu wa chama kilichokuwa hakina fedha wala uhakika wa kesho. Machi 1955 Nyerere naye aliacha kufundisha Pugu, baada ya kutakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Rais wa chama na katibu mkuu wake, wote wawili walimu walioitupa mishahara yao, wakaanza kuzunguka nchi kutafuta wanachama.

Katika TANU ya miaka ile, kuacha kazi kulimpandisha mtu hadhi. Nyerere aliacha ualimu, na watu wakamwamini zaidi. Desemba 1957 alijiuzulu kwenye Baraza la Kutunga Sheria akipinga ukaidi wa serikali ya kikoloni, na chama kikapata nguvu. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa kiti, akarudi kukijenga chama. Mwisho wa mwaka alikuwa Rais wa Jamhuri. Hakuna aliyemwita msaliti. Nayataja haya kwa sababu barua ya Kambona ya kujiuzulu iliandikwa ndani ya utamaduni huohuo, ikapokelewa kwa namna tofauti kabisa.

Kabla ya hapo undugu wao ulikuwa umepita hatua nyingi. Kambona alikwenda London kusomea sheria, na alipofunga ndoa huko mwaka 1960, Nyerere alikuwa msimamizi wake wa harusi. Aliporudi alishika elimu, kisha mambo ya ndani, kisha mambo ya nje na ulinzi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoiweka Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam mwaka 1963, mwenyekiti akawa yeye. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Afrika Kusini waliofika mjini walilijua jina lake.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku 8 baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwaweka maofisa wao Waingereza chini ya ulinzi, wakaingia mjini. Walitaka mishahara mikubwa zaidi na maofisa Waafrika. Nyerere na Kawawa waliondolewa Ikulu, wakafichwa. Aliyebaki kuwakabili wanajeshi wenye silaha ni Kambona, waziri wao. Alikwenda kambini, akazungumza nao, akakubali maofisa Waingereza waondolewe nchini. Mjini maduka yaliporwa na watu wakauawa. Kwa muda huo, serikali ambayo wananchi waliweza kuiona kwa macho ilikuwa mtu mmoja.

Fikiria nafasi aliyokuwa nayo. Rais hajulikani alipo, jeshi limeasi, na yeye ndiye anayesikilizwa kambini. Katika nchi nyingi za Afrika miaka ile, waziri wa ulinzi mwenye tamaa asingehitaji zaidi ya hapo. Kambona aliituliza hali mpaka Nyerere akarudi mbele ya wananchi. Tarehe 25 makomando wa Uingereza, walioombwa na serikali, wakawanyang'anya waasi silaha. Kwangu mimi hakuna ushahidi wa urafiki unaouzidi huu, na wanaosimulia habari za Kambona kwa kuanzia mwaka 1967 wanamdhulumu.

Baada ya uchaguzi wa 1965 mambo ya nje na ulinzi hayakuwa tena mikononi mwake. Alipewa tawala za mikoa. Katiba ya mwaka huo iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja, na Kambona alikuja kudai baadaye kwamba hapo ndipo njia zao zilipoanza kuachana. Kisha likaja Azimio la Arusha, tamko la TANU la ujamaa. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari, na kesho yake mabenki yakataifishwa. Masharti ya uongozi yalikuwa makali: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yalimhusu pia mke au mume wake.

Kambona akiwa katibu mkuu alitakiwa kuwa msemaji wa Azimio hilo nchi nzima. Miezi minne baadaye akaondoka. Wapinzani wake walisema amekimbia masharti ili alinde mali. Yeye, alipokwisha kufika London, alisema anapinga mamlaka kukusanyika mikononi mwa mtu mmoja, na kwamba ujamaa ulikuwa ukipelekwa haraka bila wananchi kuulizwa. Huenda yote mawili yalikuwa na chembe ya ukweli. Linalonihuzunisha ni kwamba hoja yake haikupata ukumbi. Barua iliyotaja afya haikuweza kujadiliwa bungeni wala katika vikao vya chama, na chama kimoja hakikuwa na kiti cha mtu aliyetoka serikalini kwa heshima na bado anapinga. Julai aliondoka nchini na familia yake. Tangu hapo kila mmoja alizungumza na hadhira yake, na maneno yakazidi kuwa makali.

Bei ililipwa na waliobaki. Desemba 1967 ndugu zake, Otini na Mattiya, waliwekwa kizuizini bila mashtaka, wakakaa humo mpaka 1978. Oktoba 1968 Kambona na wabunge wengine kadhaa walifukuzwa uanachama wa TANU. Mwaka 1970 ikafunguliwa kesi ya uhaini mbele ya Jaji Mkuu Philip Georges. Upande wa mashtaka ulimtaja Kambona, aliyekuwa London, kuwa kiongozi wa njama ya kuipindua serikali, na shahidi wake mkubwa akawa Potlako Leballo wa chama cha PAC cha Afrika Kusini. Waliosimama kizimbani ni 7, miongoni mwao waziri wa zamani Michael Kamaliza na Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyewaingiza akina mama wa Dar es Salaam katika TANU kwa maelfu. Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971. Nyerere alimwachia mwaka uliofuata.

Kambona aliishi Uingereza miaka 25. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ikikutana Zanzibar, iliyalegeza masharti yaleyale ya uongozi, na mwaka 1992 sheria ikaruhusu vyama vingi. Septemba mwaka huo alishuka Dar es Salaam. Chama cha TADEA alichokuja nacho hakikupata kiti hata kimoja cha ubunge katika uchaguzi wa 1995. Wapiga kura wengi walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa watoto wadogo, alipoandika barua yake. Alifariki London mwaka 1997.