Tumbo lisilorudi baada ya kujifungua: altrasaundi inaonyesha nini?

Wanawake wengi wa Ngara na Biharamulo wanaijua altrasaundi kama kipimo cha kuangalia mtoto tumboni. Mashine hiyohiyo inaweza kuangalia misuli ya tumbo la mama mwenyewe, miezi kadhaa baada ya kujifungua, pale tumbo linapobaki limetokeza na majirani wanaanza kuuliza kama kuna mimba nyingine.

Katikati ya tumbo, kuanzia chini ya kifua hadi kwenye kinena, kuna misuli miwili mirefu iliyounganishwa na utando mgumu. Mimba inapokua, utando huo huvutika na misuli huachana. Hilo si ugonjwa, huwapata karibu wajawazito wote miezi ya mwisho. Baada ya kujifungua pengo hupungua lenyewe, ila si kwa kila mtu. Nchini Norwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia akina mama 300 wa uzazi wa kwanza: wiki 6 baada ya kujifungua asilimia 60 walikuwa na pengo, na baada ya mwaka mmoja asilimia 33. Tusizichukue namba hizo kama zetu. Wale walikuwa na mtoto mmoja, wakati Tanzania wastani ni watoto 4.8 kwa mwanamke, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022.

Kule Norwe walipima kwa vidole. Mama hulala chali, hukunja magoti, hunyanyua kichwa, na mhudumu hubonyeza karibu na kitovu kuona vidole vingapi vinaingia. Kwa wengi hiyo inatosha, na haihitaji umeme. Lakini vidole vya watu havilingani, na haviwezi kuona kilichoko chini ya ngozi.

Kwa altrasaundi, mtaalamu hupaka jeli, huweka kifaa kukatisha tumbo, kisha hupima kwa milimita umbali kati ya kingo za misuli: kwenye kitovu, juu yake na chini yake, mama akiwa ametulia na tena akinyanyua kichwa. Ingawa mara nyingi hufanyika katika chumba tunachokiita cha mionzi, kipimo hiki hutumia mawimbi ya sauti, hakina mionzi. Wataalamu wengi huhesabu kuwa kuna pengo linapozidi sentimita 2 hivi. Mpaka huo si wa kukata kwa kisu: mwaka 2009, uchunguzi wa wanawake 150 ambao hawajawahi kuzaa uliona hata milimita 22 juu ya kitovu ni kawaida.

Kwa maoni yetu, faida kubwa ya kipimo hiki ni kutofautisha pengo na ngiri. Katika pengo la misuli utando umelegea tu, haujatoboka. Kwenye ngiri kuna tundu, na utumbo unaweza kupenya humo ukabanwa. Uvimbe ukiwa mgumu, ukiuma, ukikataa kurudi ndani na mama akatapika, asisubiri kliniki ya kesho. Hiyo ni dharura.

Kufunga tumbo kwa kanga au kitenge kunampa mama nafuu anapotembea, lakini hakuunganishi misuli. Mazoezi mepesi ya kuvuta tumbo ndani wakati wa kutoa pumzi, yakielekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia, husaidia kurudisha nguvu. Tunajua ushauri wa kutobeba mizigo mizito ni mgumu kwa anayepandisha ndoo ya maji mlimani au mkungu wa ndizi kichwani, hivyo familia nayo ihusishwe. Upasuaji ni kwa wachache, na kwa kawaida husubiri mama amalize kuzaa. Kwa anayepewa rufaa kutoka Biharamulo, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato iko karibu kuliko Bugando.

Ukifika hospitali, usiseme tu “nataka altrasaundi”, kwani watakupima kizazi. Mwambie daktari kwamba unataka ukuta wa tumbo uangaliwe, na mwonyeshe panapotokeza unaponyanyua kichwa.